Vita vya gemu katika taarifa ya saa mbili

Septemba 26, 2011, kituo cha televisheni cha ITV cha Uingereza, si hii ITV yetu ya Mikocheni, kilirusha makala ya uchunguzi kuhusu silaha ambazo Muammar Gaddafi wa Libya aliwapa wapiganaji wa IRA wa Ireland Kaskazini. Humo kikapita kipande cha video chenye maandishi yaliyosema ni filamu ya IRA ya mwaka 1988, na msimulizi akawaeleza watazamaji kwamba hao ni wapiganaji wanaojaribu kuitungua helikopta ya jeshi la Uingereza. Haukupita muda, wacheza gemu wakawa wameshakitambua. Hapakuwa na IRA pale, wala helikopta, wala mtu aliyeshika kamera. Kipande kile kilitoka ndani ya ArmA 2, gemu ya vita ya kwenye kompyuta iliyotengenezwa na kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Czech na kuingia sokoni mwaka 2009.

Kinachoniuma katika kisa hiki ni kwamba tukio lenyewe lilitokea. Juni 1988 helikopta ya Uingereza ilishambuliwa kweli huko South Armagh, na picha halisi zilikuwapo, tena zilishawahi kuonyeshwa na ITV hiyohiyo miaka ya nyuma. Waandaaji walizitafuta, wakakutana na video mtandaoni, wakaamini ndiyo yenyewe, wakaiweka. Januari 2012 Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji Uingereza, ilitamka kwamba imani ya watazamaji imevunjwa vibaya. Makala ilikuwa na ukweli mzito wa kusema, kuhusu silaha zilizotoka Libya na kuua watu Ulaya, lakini kuanzia siku ile mtu yeyote asiyetaka kuuamini ukweli huo alikuwa amepewa sababu.

Msomaji wa Tandika au Tegeta anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu habari za vita za nchi za mbali tunazipata kwa njia hiyohiyo. Vituo vyetu havina mwandishi Ukraine wala Gaza. Vinachukua picha kutoka mashirika makubwa ya habari, na siku hizi vinachukua pia kutoka mitandaoni, ambako chaneli za YouTube zinazosoma habari kwa Kiswahili zimekuwa nyingi kuliko magazeti. Video ikishasomwa hapo kwa sauti nzito yenye uhakika, inakatwa, inabanwa, inaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa, ya kikoba, ya wazazi wa darasa la nne. Ikifika huko, anayeitazama hana tena namna ya kujua ilianzia wapi.

Tena kuna vita ambavyo kwetu si vya mbali. Desemba 7, 2017, walinda amani wa Tanzania waliuawa katika shambulio la kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Taarifa za mwanzo zilitaja 14. Januari 2025 Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, wanajeshi wetu walikuwako upande ule tena, na mwanzoni mwa Februari JWTZ ikathibitisha kuwa wawili wamepoteza maisha. Wiki kama zile, mke wa askari anayekaa karibu na kambi ya Lugalo au Twalipo hafungui video ya milipuko kama mtu anayejifurahisha. Anatafuta sura ya mtu wake. Mhariri anayeweka video bila kuikagua, kwa kuwa tu inafanana na vita, anacheza na mama huyo, na sioni namna nyepesi ya kulisema hili.

Orodha ya waliokwisha kunaswa ni ndefu, na si ya vituo vidogo. Mei 2012 BBC, katika habari iliyogusa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, iliweka nyuma ya mtangazaji nembo ya jeshi la kubuni la anga za juu kutoka gemu ya Halo. Herufi za kifupi zilikuwa zilezile, UNSC. Mwaka 2013 TV2 ya Denmark ilizungumzia vita vya Syria huku nyuma ya mtangazaji kukiwa na mandhari ya Damascus iliyochorwa kwa ajili ya Assassin's Creed, gemu inayosimulia mambo ya karne ya 12. Oktoba 2015 mtangazaji maarufu wa Misri, Ahmed Moussa, aliwaonyesha watazamaji wake video ya ndege za Urusi zikiwashambulia magaidi Syria, akisifu jinsi zinavyolenga shabaha. Ilikuwa gemu ya helikopta iitwayo Apache: Air Assault. Novemba 2017 hata Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilitoa picha ikisema ni ushahidi kwamba Marekani inawalinda wapiganaji wa Dola la Kiislamu, na mojawapo ikatambuliwa kuwa imetoka kwenye gemu ya simu. Wizara ikamtupia lawama mfanyakazi mmoja wa kiraia. Septemba 2021 vituo kadhaa vya India, Republic TV kikiwamo, vilionyesha ArmA 3 vikisema ni ndege za Pakistani zikishambulia bonde la Panjshir, Afghanistan.

Lakini kisa kilichonifanya niandike makala hii ni cha Romania. Mwishoni mwa mwaka 2022 kituo cha Antena 3 kilirusha video kikiamini ni mapigano ya Ukraine. Studioni walialikwa watu wa kuichambua, akiwamo waziri wa zamani wa ulinzi na mkuu wa zamani wa idara ya ujasusi wa kijeshi. Watu waliokwisha kusimamia majeshi halisi waliketi mbele ya gemu na kuijadili kama vita. Nayo ilikuwa ArmA 3.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Tungetarajia anayejua vita ndiye atakayegundua vita vya uongo, na sivyo ilivyokuwa. Anayejua vita anaona kifaru, anaona kombora, akili yake inakimbilia mara moja kwenye aina ya kombora na umbali wake. Hajiulizi kama kuna kifaru. Swali hilo analo mtu mwingine kabisa, na mtu huyo anapatikana Mbagala.

Vibanda vya gemu vya Temeke na Kinondoni vinajulikana. Chumba kimoja cha mbele ya nyumba, pazia mlangoni kuzuia jua lisipige kwenye skrini, televisheni mbili au tatu juu ya rafu, mabenchi, pedi ambazo vitufe vyake vimefutika alama kwa vidole vya watu. Unalipa kwa mechi. Wengi wanacheza mpira, lakini kuna kona ya wanaocheza Call of Duty na GTA, na wale wanaosubiri zamu wanainamia simu zao wakicheza Free Fire au PUBG. Katika kibanda kimoja karibu na Rangi Tatu, Mbagala, nilimpa kijana anayekisimamia simu yangu, nikamwonyesha video maarufu ya mtutu wa kutungulia ndege ukifyatua usiku, risasi zikichora mistari myekundu angani. Sikumwambia chochote. Akaitazama kidogo, akaniuliza, "Anko, hapo nani anacheza?"

Nikamwomba anieleze amejuaje. Hakuwa na haraka ya kunijibu kwa sababu alikuwa anatoa chenji kwa mtoto, lakini alipojibu alijibu kama fundi. Moshi, alisema, ni uleule unarudia. Ukiangalia vizuri kila mlipuko umetoka kwenye sufuria moja. Kamera inajua ndege itapita wapi kabla haijapita. Mistari ya risasi imenyooka mno na inazimika kwa pamoja. Halafu hakuna mtu. Ndege inalipuka angani na hakuna hata mmoja anayepiga ukunga, anayekimbia, anayemwita Mungu wake. Kijana mwingine aliyekuwa benchini, bila kuacha mechi yake, akaongezea kwamba video za namna hiyo huwekwa usiku makusudi, gizani mapungufu ya mchoro hayaonekani.

Hoja ya kwamba hakuna mtu ina uzito wake pekee Mbagala. Aprili 29, 2009, ghala la silaha katika kambi ya JWTZ ya Mbagala Kizuiani lililipuka. Zaidi ya watu 20 walikufa, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikaharibika. Februari 16, 2011, usiku, yakajirudia Gongo la Mboto, na kule pia waliokufa walizidi 20. Wakazi wa kusini mwa jiji hili wenye umri wa kutosha wanajua bomu likilipuka linafanyaje: mabati yanavyoruka, vioo vinavyopasuka nyumba za mbali, mabaki ya makombora yaliyokwenda kuangukia mitaa ambayo hakuna aliyedhani itafikiwa, wazazi wakitafuta watoto waliokimbia na umati, na usiku wa Gongo la Mboto familia nzima zikilala Uwanja wa Uhuru. Ukimwuliza mama aliyepitia siku ile, atakueleza kwanza kuhusu watu. Moto anautaja baadaye. Gemu inaweka moto mbele kwa sababu moto ndio inaoujua kuuchora.

Kampuni yenyewe ya Bohemia Interactive ilichoshwa na mambo haya. Novemba 2022 ilitoa tamko rasmi na video ya maelezo, ikasema ArmA 3, iliyotoka mwaka 2013, inatumika kutengeneza habari za uongo za vita vya Ukraine, na kabla ya hapo vya Afghanistan, Syria, Palestina na kwingineko. Sababu ni jinsi gemu hiyo ilivyojengwa. Imefunguliwa ili wachezaji waibadilishe watakavyo, nao wamekwisha kuiongezea makumi ya maelfu ya vitu: magari ya jeshi la nchi fulani, sare, ndege, ramani. Anayetaka vita vya nchi yoyote anaweza kuvipanga. Kampuni ilijaribu kuziondoa video hizo kwenye mitandao, ikakiri kwamba ikiondolewa moja zinapakiwa nyingine kumi kila siku. Ikaona lililobaki ni kushirikiana na vyombo vya habari na wakaguzi wa taarifa, na ikataja dalili za kuangalia. Zilikuwa karibu zilezile za kijana wa Rangi Tatu: video hafifu, kamera inayotikisika kupita kiasi, giza, sauti kukosekana, watu kutoonekana wakitembea, moshi na vumbi visivyo vya kawaida, na wakati mwingine maandishi ya gemu yenyewe kusahaulika pembeni mwa skrini.

Kuna jambo kuhusu gemu hiyo ambalo wengi hawalijui. Ramani yake kubwa imeigwa kutoka kisiwa cha Lemnos cha Ugiriki. Septemba 2012 wafanyakazi wawili wa kampuni hiyo walikamatwa huko wakituhumiwa kupiga picha maeneo ya jeshi, wakashikiliwa kama majasusi kwa zaidi ya miezi minne kabla ya kuachiwa kwa dhamana. Watu walifungiwa kwa kushukiwa kuchukua picha za kweli kwa ajili ya gemu. Tangu wakati huo picha za gemu zimepita kwenye televisheni za mataifa kama za kweli.

Ubora wa picha una mchango, siukatai, lakini nadhani tunaupa sifa isiyo yake. Kipande cha ITV kilikuwa kibovu. Leo ukikiangalia unashangaa. Kilichokipitisha ni maneno yaliyobandikwa juu yake na hamu ya mtu aliyekuwa anakitafuta. Waliokulia kwenye vibanda umiza enzi za mtafsiri wa filamu Lufufu wanajua nguvu ya msimulizi: filamu ya Kichina au ya Kimarekani inapita, sauti ya mtafsiri inakwambia huyu ni nani na anamtafuta nani, na wewe unamfuata yeye kuliko picha. Lufufu hakumdanganya mtu, kila aliyelipa kiingilio alijua yuko kwenye sinema. Taarifa ya habari haina ruhusa hiyo.

Afrika Mashariki tumeshapata somo letu, ingawa halikuwa la gemu. Januari 2012, jeshi la Kenya likiwa ndani ya Somalia, msemaji wake Meja Emmanuel Chirchir aliweka Twitter picha za mtu akiuawa kwa kupigwa mawe, akisema ni Mkenya aliyeuawa na Al-Shabaab Kismayu. Picha hizo zilikuwa za mwaka 2009, zilipigwa Somalia na mpigapicha wa shirika la AP, Farah Abdi Warsameh, na zilishapata tuzo ya World Press Photo. Yaani zilikuwa picha zilizokwisha kutambulika kimataifa. Al-Shabaab, waliokuwa na akaunti yao, walimrukia msemaji yule palepale mbele ya waandishi wa dunia nzima. Kundi linaloua watu likapata nafasi ya kujionyesha kuwa ndilo lenye ukweli siku hiyo.

Na hapa Dar es Salaam, Aprili 2020, wakati wa korona, ukurasa wa mtandaoni wa gazeti la Mwananchi uliweka picha ya Rais John Magufuli akinunua samaki, watu wamemzunguka. Mjadala ukawaka kuhusu watu kukaa mbalimbali. Picha ilikuwa ya zamani. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ikasitisha leseni ya mtandaoni ya gazeti hilo kwa miezi sita na kulitoza faini ya Sh5 milioni.

Picha ya zamani kutolewa kama mpya ni kosa la kitaaluma na lilihitaji kusahihishwa. Lakini kufungia chombo kizima miezi sita kwa picha moja hakumfundishi mwandishi kukagua. Kunamfundisha kuogopa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamwekea anayechapisha taarifa akijua ni za uongo, kwa nia ya kupotosha, faini isiyopungua Sh5 milioni au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Chini ya kivuli hicho, hata mtu aliyekosea bila kujua, akigundua ameweka video ya gemu, njia iliyo salama kwake ni kuifuta kimyakimya na kuomba isiwe imeonekana. Wakati huo huko kwenye magrupu inaendelea kuzunguka, na waliomwamini hawapati kuambiwa. Yanayosaidia ni yale yaliyofuata kwingine: ITV waliomba radhi hadharani, mkuu wa habari wa TV2 akakiri kosa, watazamaji wakajua. Ningependa kuona kanuni zetu zikimlinda anayesahihisha upesi na kwa sauti ileile aliyokosea nayo, na adhabu nzito zikabaki kwa aliyetunga uongo akijua.

Wapo wanaofanya kazi hii tayari. JamiiCheck ya JamiiForums, Nukta Fakti, PesaCheck, na dawati la ukaguzi la AFP lililoko Nairobi wamefukua picha nyingi zilizohamishwa nchi na mwaka. Njia zao si siri. Unaisimamisha video, unachukua picha kadhaa zake, unazitafuta kwa Google Lens au kwa kifaa cha InVID ambacho kinaikata video chenyewe. Mara nyingi unakutana na ileile iliyopakiwa miaka miwili kabla ya vita inavyodaiwa kuvionyesha. Unamtafuta aliyeiweka kwanza, unamwomba faili halisi isiyopitia WhatsApp, kwa sababu kila inapobanwa inapoteza zile alama ndogo ambazo zingekuambia kuwa imechorwa. Mhariri wa zamu akiwa na saa moja kabla ya saa mbili usiku, anao muda wa kutosha. Asipokuwa nao, habari inaweza kusomwa bila video. Msomaji wa redio amefanya hivyo miaka yote na hakuna aliyemdai picha.

Sasa zimekuja video zinazotengenezwa na akili mnemba, ambazo hazihitaji hata mtu anayejua kucheza. Wengi wanasema habari ya gemu imepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Juni 2025, Israel na Iran ziliposhambuliana, ArmA 3 ilirudi tena mitandaoni pamoja na hizo video mpya, na jicho lililozoea kuangalia moshi, mwanga na mwenendo wa watu ndilo linalotakiwa kwa zote mbili.

Jicho hilo vyumba vyetu vya habari havijaliajiri. Dawati la michezo lina mtu anayejua nani yuko benchi la Yanga na nani ameumia goti Simba, na tunaona ni kawaida. Dawati la kimataifa halina hata namba moja ya simu ya mtu aliyetumia miaka kumi mbele ya skrini ya gemu. Anayehitajika si wa gharama kubwa. Anaweza kuwa kijana wa Mwananyamala au Chamazi, akalipwa kwa kila video anayoikagua kama mpigapicha wa kujitegemea anavyolipwa kwa picha, jina lake likaandikwa kwenye daftari la zamu pamoja na alichosema na saa aliyosema. Wahariri wengi niliozungumza nao kuhusu hili hucheka kwanza. Mmoja aliacha kucheka nilipomtajia yule waziri wa zamani wa Romania, akaniuliza vijana hao wanapatikana saa ngapi. Nilimjibu kwamba vibanda hufunguliwa mchana na kujaa jioni, wakati uleule yeye anapopanga taarifa yake.